Kompyuta kongwe na antiX: ikigoma, usikimbilie kuinstoli upya

Wiki ilopita Maalim mmoja jirani yangu hapa Chake Chake kanijia na laptopu kaibana kwapani, hata salamu hajamaliza. "Fundi, hiyo Linux yenu imeshaniulia mashine."

Nikaiwasha. Feni linazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi ti, na ukitega sikio unasikia pii, pii, pii kutoka ndani. Nikaizima, nikatoa chaja na betri, nikafungua kile kifuniko kidogo cha chini, nikachomoa RAM, kile kipande cha kumbukumbu. Meno yake ya dhahabu yameshafanya ukungu wa kijanikijani. Nikayasugua taratibu kwa ufutio wa mwanafunzi mpaka yakang'ara, nikapangusa vumbi la ufutio, nikarudisha kipande kwa mshazari nikakilaza mpaka vile vibanio viwili vya pembeni vikalia ka! Ikawaka, antiX, ndo hiyo Linux yenyewe (mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows), ikaja kama kawaida, Maalim kanyamaza.

Kesi kama hizo ndo nyingi nnazoletewa na ndo mana naandika hii. Huku kwetu chumvi ya bahari na unyevu wa masika vinakula chuma polepole, umeme nao una mambo yake, mashine zenyewe zimekuja mtumba zishafanya kazi miaka kumi ofisini kwa watu, sa ikigoma mtu anasema Linux mbovu, anafuta anainstoli tena, inagoma tena, anasema nshakwambia. Angalia dalili kwanza.

Mie natumia antiX, toleo la 23 lilojengwa juu ya Debian 12 (Linux nyingine, kubwa yake), kwa sababu ina la biti 32 la mashine za zamani na la biti 64 la mpya zaidi, haitumii systemd (msimamizi wa huduma wa Linux nyingi), dirisha lake ni IceWM ambayo ni nyepesi sana, na ikishawaka bila ya kufungua kitu inakula RAM kidogo mno, hata mashine ya MB 512 inasogea. Kama wewe unatumia Linux nyepesi nyingine, Puppy au Linux Lite au Lubuntu, mengi humu yatakufaa vilevile, majina ya menyu tu ndo yatatofautiana.

Flashi imechomekwa, kompyuta haiioni kabisa

Kwanza nikuulize, ulilitia vipi lile faili la ISO (faili moja lenye antiX nzima) kwenye flashi? Kama ulilikopi tu kama unavyokopi nyimbo, bas hapo hapo ndo tatizo lilipo. ISO haikopiwi, inachomwa kwa programu, Rufus au balenaEtcher, na ukiwa na Rufus ikakuuliza ISO au DD wewe chagua DD.

Kama ulichoma sawasawa, basi bayosi (programu ya ubaoni inayoamka kabla ya yote) inaangalia hadi diski kwanza. Zima, washa, na hapo hapo anza kugongagonga kitufe cha kuchagulia: F12 kwa Dell, Lenovo na Toshiba nyingi, Esc halafu F9 kwa HP, Esc kwa Asus. Acer nayo ni F12 lakini mara nyingi inabidi uingie bayosi kwa F2 ukairuhusu kwanza, sijui walikuwa wanaogopa nini. Mashine ilokuja na Windows 8 kuendelea itakuwa na Secure Boot (kizuizi cha kuwakia mfumo usiotambuliwa), izime humo humo kwenye bayosi.

Kuna sababu mbili za kimyakimya ambazo watu hawazitii akilini. Moja bando likikata katikati faili linakuja pungufu na jina linabaki lilelile, sa kabla hujachoma nenda kwenye Windows fungua dirisha la amri andika

certutil -hashfile antiX.iso SHA256

(jina la faili weka la kwako) ulinganishe ile namba ndefu na ile ya pale ulipopakua, herufi moja ikiwa mbali pakua tena. Ya pili ni flashi feki. Imeandikwa GB 64 ndani ina 8, ukizidisha hapo inaandika juu ya ilivyokwishaandika wala haisemi kitu. Nishapoteza alasiri nzima kwa flashi ya namna hiyo, nzuri, ina kamba yake ya kuvaa shingoni. Kwenye Linux kuna programu inaitwa f3, kwenye Windows H2testw, zote zinajaza flashi mpaka juu halafu zinasoma upya, uongo unatoka.

Inaandika mstari mmoja inasimama

Usome huo mstari yakhe, umeandikwa kwa ajili yako. Ukiona "This kernel requires an x86-64 CPU" maana yake umeweka ya biti 64 kwenye procesa ya biti 32. Watu wanachanganywa na majina hapa: Core 2 Duo ni biti 64, lakini Core Duo, bila ya ile mbili, ni 32. Zile laptopu ndogo za Atom N270 nazo ni 32. Pakua ya 32, kazi imekwisha.

Ukiona inalalamikia "pae", hiyo ni Pentium M ya zamani (PAE ni uwezo wa procesa kutumia RAM kubwa), na nyingi kati ya hizo PAE wanayo ila procesa haijitangazi. Kwa distro (aina za Linux) zinazodai PAE unaongeza neno forcepae kwenye mstari wa kuwakia.

Na kama una mashine ya biti 32 usiipangie maisha marefu kwenye intaneti. Chrome waliacha Linux ya biti 32 tangu 2016, Debian 13 ilotoka Agosti 2025 haina tena kiinstoli cha biti 32. Kwa kuandikia, kusikiliza visomo, mtoto kujifunza kibodi, itafanya kazi mpaka ife yenyewe.

Inaanza vizuri halafu giza

Kabla ya kulaumu draiva (programu inayoendesha kifaa) chukua tochi ya simu uimulike skrini kwa pembeni ukiwa kwenye chumba cha kiza. Ukiona maandishi kwa mbali kama kivuli, Linux inafanya kazi, taa ya nyuma ya skrini ndo ilokufa, chomeka monita ya nje utaona. Usipoona kitu hata kwa tochi, wala kwa monita, wala haikufika hata kwenye menyu ya antiX, rudi kwa Maalim na ufutio wake.

Ikiwa menyu inaonekana na kiza kinakuja baadae, hapo ni draiva ya picha. Kwenye menyu ya antiX ya mashine za zamani kuna sehemu ya kuandika chini kabisa, ongeza neno nomodeset ubonyeze Enter. Kwenye menyu ya GRUB, ile nyingine ya kuwakia, bonyeza e, shuka kwenye mstari unaoanza na linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika nomodeset, halafu F10. Picha inaweza kuja pana au nene kidogo lakini utaingia, na ukishaingia ndo unatafuta draiva ya kadi yako kwa raha.

Waifai haipo

Hii ndo inawakimbiza wageni wengi warudi Windows. Kwanza pitisha kidole ubavuni na mbele ya laptopu, zile HP na Dell na ThinkPad za zamani zina swichi ndogo ya kutelezesha, nishaona mtu kaja kutoka Wete na gari ya abiria kumbe swichi. Kama haipo au iko wazi, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri):

rfkill list

Ukiona "Hard blocked: yes" ni swichi au kitufe. Ukiona "Soft blocked: yes" andika sudo rfkill unblock wifi na inafunguka.

Halafu kuna hii ambayo ilinizungusha kichwa siku mbili. Laptopu inaona waifai za majirani wote isipokuwa hotspoti ya simu ya mwenyewe. Kadi za zamani zinasikia mawimbi ya GHz 2.4 tu, na simu mpya ukiwasha hotspoti unaweza kukuta imeweka GHz 5. Ingia kwenye seting ya hotspoti ya simu ubadilishe kuwa 2.4. Bas, ikatokea. Siku mbili!

Ikiwa haioni chochote kabisa, angalia kadi ni ya nani:

lspci | grep -i network

Ikija Broadcom ya zamani kama BCM4311, hizo zinataka faili lao linalotiwa ndani ya kadi kila ikiwaka, na kulipata linahitaji intaneti, na intaneti ndo huna. Usihangaike, chukua simu yako ya Android na waya wake wa USB, chomeka, nenda seting washa kushiriki intaneti kwa USB, antiX inaiona kama waya wa kawaida wa mtandao. Ndipo (apt ndo inayoleta programu):

sudo apt update
sudo apt install firmware-b43-installer

ristati, waifai hiyo. Wakati huo angalia bando lako, usiiachie simu ikaanza kupakua na mambo mengine ya kwake.

Kila tovuti inasema si salama, na apt inakataa kuapdeti

Tazama saa chini kulia. Ukikuta ni mwaka 2008 au 2000 betri ya ubaoni imekwisha, ile duara kama sarafu, CR2032 ya volti 3, madukani ipo na haina bei. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na kwisha, sa mashine inayodhani bado ni 2008 inaona vyote havijazaliwa. Kabla hujapata betri:

sudo date -s "2026-02-10 14:30"
sudo hwclock -w

(tarehe weka ya siku yako). Ukichomoa chaja na betri ya laptopu imekufa, itarudi tena 2008, usishangae.

Lakini kama saa imepishana masaa matatu kamili, betri usiiguse. Hiyo ni Windows na Linux ziko pamoja kwenye mashine moja, Windows inaandika saa ya hapa kwenye ubao, Linux inaisoma ikidhani ni ya UTC (saa ya dunia) inaongeza tatu za kwetu juu yake. Iambie Linux ifuate saa ya hapa: rekebisha saa kwanza, halafu sudo hwclock --systohc --localtime. Na hakikisha eneo la saa ni Africa/Dar_es_Salaam. Na ikipishana masaa sita, sina la kukusaidia, hiyo ni wewe unasoma saa ya Kiswahili.

Nzito, nzito, nzito

Hapa ntakaa kidogo kwa sababu neno "nzito" watu wanalitumia kwa maradhi matatu tofauti na dawa zake hazifanani.

Kama inawaka upesi, folda zinafunguka upesi, lakini ukifungua Firefox na kurasa (tabu) mbili tatu inaganda na taa ya hadi diski inawaka haizimi, hiyo ni RAM imejaa. Andika free -h uangalie mstari wa Swap, ukiona umetumika sana bas mashine inahamisha mizigo kutoka RAM kwenda diski na kurudi, na diski ya kuzunguka ni mwendo wa ng'ombe. Distro nyepesi haiwezi kulisaidia hilo, antiX imejikunyata kwenye kona yake, anayekula ni braoza. Funga tabu. Kama unaweza kuongeza RAM ongeza, ila kabla ya kuagiza jua yako ni ya aina gani: ya laptopu DDR2 ina pini 200, DDR3 ina 204, na lile pengo la katikati liko mahali tofauti, haziingiliani hata ukilazimisha. Mie kuagiza Unguja ikaja na meli mpaka Mkoani nikagundua nimeletewa DDR3, nilikaa nayo mkononi naiangalia tu.

Na video. YouTube inapeleka video kwa mfumo mpya ambao chipu za zamani haziujui, procesa inalazimika kufanya kazi yote kwa mikono. Kuna kiongezo cha Firefox kinaitwa h264ify, kinaiomba YouTube ilete mfumo wa zamani ambao chipu nyingi zinaujua, weka hicho na uteremshe video iwe 360p. Core 2 Duo yangu ilokuwa inakatakata ikatulia.

Maradhi ya pili: inakwenda vizuri dakika kumi, halafu inakuwa nzito, feni linapiga kelele kama mashine ya kusagia, na ukiizima ukaiacha nusu saa inakuwa nzuri tena. Hilo ni joto. Procesa ikipata moto inapunguza mwendo wake yenyewe isiungue, na ikizidi inazima kabisa bila ya kuaga. Weka lm-sensors uandike sensors, ukiona digrii 90 na kitu ufungue feni. Ndani utakuta blanketi la vumbi limeziba kwenye mabati ya kupitishia hewa, unalichomoa zima kama pamba ya mto. Pangusa, na krimu ya juu ya procesa ilokauka ikwangue upake mpya, punje kama ya mchele inatosha. Halafu isitumiwe juu ya godoro.

Ya tatu ndo ya kuogopa. Nzito wakati wote, hata kufungua folda, na wakati mwengine unasikia tk, tk, tk kutoka upande wa diski. Usiinstoli chochote. Kwanza kopi picha na kazi zako nje ukitumia flashi ya antiX, halafu ndo uchunguze:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda

Tafuta mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, angalia namba ya mwisho kabisa. Sifuri na sifuri ni heri. Ikiwa Pending ina namba na kila siku inapanda, diski inakwenda zake. SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya inchi 2.5 ya SATA inaingia palepale ilipokuwa ya zamani, kama nayo ni ya SATA, na kusema kweli hiyo peke yake inaibadilisha mashine kongwe kuliko distro yoyote ile.

Umeme ulikatika, sasa haiwaki mpaka mwisho

Kila laptopu ya mtumba ina betri ilokufa, kwa hivyo ni dasktopu tu yenye kifuniko, umeme ukienda na yenyewe imekwenda. Sie wa Pemba tunapata umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na watu wa Unguja hawajasahau ile miezi mitatu ya kiza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, sa kukatika si habari. Ext4, mpangilio wa mafaili kwenye diski, inavumilia sana, mara nyingi inajirekebisha yenyewe. Isipoweza utasimamishwa kwenye skrini nyeusi imeandikwa initramfs na juu yake "RUN fsck MANUALLY". Juu kidogo itakutajia jina la diski, tuseme sda1, nawe andika

fsck -y /dev/sda1

subiri imalize, andika reboot. Nimeifanya hii mara nyingi na mara nyingi inarudi salama, ila kama ulikuwa unasikia ile tk, tk, kopi vitu vyako kwanza kwa flashi, fsck juu ya diski inayokufa inaweza kuimaliza.

Umeme ukikatika katikati ya kuapdeti dalili ni nyingine: inawaka vizuri lakini kila ukitaka kuweka programu apt inasema "dpkg was interrupted". Na hapo imekuandikia dawa yake kwenye mstari huohuo:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install

UPS (betri ya akiba) hata ya mtumba ikupe dakika tano tu za kuzima kwa heshima, inalipa.

Madogomadogo

Unaandika paswadi kwenye terminali na hakitokei kitu, wala nyota. Kibodi haijafa, ndivyo ilivyo, andika mpaka mwisho upige Enter. Ikiwa bado uko kwenye flashi, mtumiaji ni demo na paswadi demo, ya root, mkuu wa mashine, ni root.

Kila ukizima unakuta kazi zako hazipo, bas unafanyia kazi ndani ya flashi na hujainstoli. Menyu ya kuwakia ina kipengele cha Persist cha kuhifadhi, lakini flashi ilochomwa moja kwa moja kwa Etcher haikubali, inataka itengenezwe kwa programu ya antiX yenyewe ya Live USB Maker. Mie naona ukishaipenda iinstoli tu.

Diski ya Windows inafunguka kwa kusoma tu au haifunguki, Windows haikuzimwa, imelala. Ingia Windows, kwenye seting za umeme ondoa Fast Startup, izime kabisa, rudi.

Sauti hakuna. Terminali, alsamixer, angalia chini ya Master na Speaker kama imeandikwa MM, simama hapo ubonyeze M, pandisha kwa mshale wa juu. Ikiwa orodha unayoiona ni ya HDMI bonyeza F6 uchague kadi nyingine.

Juzi Maalim karudi tena na laptopu yake kwapani, safari hii ni sauti, visomo vyake havisikiki. Nikafungua alsamixer, MM, nikabonyeza M, ikatoka sauti kubwa mpaka paka kakimbia. Kaniangalia.

"Bas?"

"Bas, Maalim."

"Na juzi ufutio," kasema, akaifunika akaenda zake.